Pumzi za Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyemfundisha mama yetu kuogelea, na mama wakati huo alikuwa keshapindukia miaka sitini. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyejua kuogelea kabla yake. Bibi zetu walizaliwa Unguja, maji yamewazunguka pande zote, na maji yenyewe waliyajua mpaka kwenye vifundo vya miguu tu. Walipohamia Maskati wakayaacha hata hayo.

Mama alikuwa na maradhi ya magoti. Daktari alimwambia kwamba njia nyepesi ya kuyatumikisha bila kuyaumiza ni majini. Mama aliporudi nyumbani akatuhadithia kama mzaha, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mdogo wangu hakucheka. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya bima, kazi aliyoisomea, na kuogelea alijifunza chuoni kwa kujifurahisha tu. Wiki ile ile alikwenda kutafuta nyumba ya mapumziko ya kukodi kule Al-Khoudh, yenye birka la kuogelea na kuta ndefu zisizoruhusu jicho la mtu, akapatana na wenyewe awe anaitumia asubuhi za Ijumaa na Jumamosi. Akamnunulia mama nguo ya kuogelea ya kusitiri mwili mzima, ya kijani kibichi. Akamwingiza majini kama mtu anavyomwingiza bi harusi chumbani, kwa maneno matamu na mkono usioachia.

Habari zikaenea. Shangazi wakaja, kisha marafiki wa shangazi, kisha walimu wastaafu, kisha wanawake tusiowajua. Nami nikajiunga, maana kazi yangu ni ya kukaa kutwa kwenye ghala la vipuri katika mtaa wa Ghala, na mgongo ulikuwa umeshaanza kulalamika. Kabla mwaka haujaisha, mdogo wangu aliacha bima akawa mwalimu wa kuogelea moja kwa moja. Baba aliliona jambo hilo kuwa ni wazimu. Mimi nililiona, na bado naliona, kuwa ni jambo la ushujaa. Kumwangalia akimfundisha bibi wa watu, mwenye khofu ya miaka yote kifuani, mpaka yule bibi akalaza kichwa majini na kuelea huku anacheka, ni kitu ambacho sijapata kuchoka kukitazama. Alikuwa na namna yake: kwanza anakufundisha kupumua. "Maji hayana ugomvi na wewe," alikuwa akisema. "Ugomvi uko kwenye pumzi zako. Zitulize, utaelea."

Na yeye mwenyewe pumzi alikuwa nazo. Akizama mwanzo wa birka, anaibukia mwisho wake, anageuka na kurudi, sisi tumeshika kingo tunasoma Bismillah.

Vepu, kile kijiti cha umeme cha kuvuta mvuke, aliianza ofisini kule kwenye bima. Sigara hakuwahi kuigusa. Moshi wa sigara ulimtia kichefuchefu tangu utotoni. Lakini wenzake wa ofisi, wasichana kama yeye, walikuwa na vile vijiti vya rangirangi vinavyonukia maembe na tende na pipi, na wote walisemezana kwamba ule ni mvuke tu. Nilipoigundua harufu ndani ya gari lake nilimwuliza, naye hakunificha. Alinionyesha kijiti chenyewe, cha rangi ya zambarau, kizuri kama kalamu ya zawadi.

"Hii si sigara, dada," aliniambia. "Hakuna tumbaku, hakuna moto. Maji na ladha."

Nilimwuliza kama hayo maji na ladha yana nikotini. Akasema kidogo. Nikamwuliza anakinunua wapi, maana madukani havionekani. Akasema kuna mtu wake anayemletea. Kwenye pakiti palikuwa na maandishi ambayo si yeye wala mimi aliyeweza kuyasoma. Nilimwambia kitu usichoweza kusoma kimeandikwa nini, usikitie kifuani. Akanibusu bega, ndiyo desturi yake anapotaka mazungumzo yaishe.

Mwezi wa Ramadhani ndipo nilipoona kwamba kile kijiti sasa kilikuwa kimemshika yeye, si yeye aliyekishika. Mchana wa saumu alikuwa na dhiki ya mtu anayesubiri khabari mbaya. Mikono ikimtetemeka, maneno mafupi, kichwa kinamwuma. Tukidhani ni njaa. Lakini inapoadhiniwa magharibi, sisi sote tumenyoosha mikono kwenye sahani ya tende, yeye alikuwa ameshatoka kwenda kwenye gari "kuchukua simu". Tende alikuja kuila baadaye. Mama aliliona hilo akasema mtoto huyu simu itamwua.

Kisha ikaja kukohoa. Akasema ni vumbi, kisha akasema ni kiyoyozi, kisha ni dawa ya birka. Kidogo kidogo akaacha kuingia majini. Akawa anafundisha akiwa amekaa ukingoni, miguu tu ndani, anatuelekeza kwa mikono. Mmoja wa wanafunzi, mwalimu mstaafu wa jiografia, alimwuliza mbona siku hizi hazami tena. Akajibu kwamba anataka tujifunze kwa masikio. Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimemwona akipanda ngazi za kwetu, ngazi za nyumba ya ghorofa moja tu, akisimama katikati na kujifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Siku hiyo mama alikuwa amekusudia kulivuka birka kwa upana, peke yake, bila ubao wa kushikilia. Wanawake walikuwa wamejipanga kwenye kingo kumshangilia. Mdogo wangu aliingia majini kuwa naye, kwani hakutaka jambo lile lifanyike bila yeye kuwa karibu, ingawa asubuhi ile alikuwa na homa na alisema kifua kinamchoma. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Leo siku ya mama."

Mama akaanza. Akarusha mikono kama alivyofundishwa, uso wake umekaza kwa bidii, na mdogo wangu akatembea kando yake, maji yakimfika kifuani. Walipofika katikati nikaona midomo ya mdogo wangu imebadilika rangi. Akafungua kinywa kama mtu anayetaka kusema neno, neno lisitoke. Kisha akaanza kuteremka, taratibu, bila kelele, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba.

Mama ndiye aliyekuwa karibu. Aliacha kuogelea, akasimama kwenye yale magoti yake mabovu, akampitisha mikono chini ya makwapa na kumlaza chali juu ya maji, kichwa cha mwanawe begani mwake. Vile vile hasa kama mdogo wangu alivyomlaza yeye siku ya kwanza. Nilipowafikia, nikimeza maji kwa haraka, nilimsikia mama akimwambia sikioni, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimekushika. Usipigane na maji. Nimekushika." Tukamtoa sote kwa pamoja. Mmoja akapiga simu, mwengine akamfunika mataulo, na gari la wagonjwa likaja.

Hospitali walimwekea oksijeni puani, wakampiga picha ya kifua, wakamtoa damu. Mwanzoni walidhani ni maambukizi ya mapafu, lakini kila kipimo walichofanya hakikuonyesha mdudu. Siku iliyofuata akaja daktari wa kifua, mwanamke Mwomani wa makamo, mpole wa sauti. Mama na mimi tulikuwa tumekaa pembeni ya kitanda. Daktari akauliza kwa Kiarabu kama mgonjwa anavuta sigara.

Mama alijibu kabla ya mtu yeyote. Alisema hapana, binti yake hajawahi, na katika nyumba yetu hakuna anayevuta. Alilisema hilo kwa fahari ya mama.

Mdogo wangu alikuwa na mrija puani, na kila sentensi ilimgharimu. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumngoja mama atoke kwenda kuswali, akamwambia daktari pembeni. Najua mimi katika nafasi yake ningefanya hivyo, na nadhani wengi wetu tuliolelewa kwa neno "aibu" tungefanya hivyo. Yeye alimtazama mama, si daktari, akasema kwa Kiswahili, "Mama, nnavuta. Nnavuta vepu. Miaka sasa. Kila siku, mpaka kitandani."

Kisha akamgeukia daktari akayarudia kwa Kiarabu, pamoja na ladha zake, na mtu wake wa kumletea, na kwamba kijiti cha mwisho kilikuwa na ladha ya kuungua na yeye akaendelea nacho.

Daktari hakumkaripia. Alivuta kiti akakaa. Alituambia mapafu yamewaka kwa ndani, yamevimba, ndiyo sababu hewa inaingia lakini haimfikii. Akasema ule si mvuke wa maji kama wa birika la chai. Ni chembe ndogo mno za kemikali, na ladha ambayo ni salama tumboni haikuumbwa kwa ajili ya kifua. Ikichemshwa hugeuka kuwa vitu vyengine, na vijiti visivyojulikana vinakotoka havina mtu wa kumwuliza humo mmetiwa nini. Nikotini ndiyo iliyokuwa ikimkimbizia moyo na kumtetemesha mikono. Mama akauliza kama mwanawe atapona. Daktari akasema wengi wa namna hii hupata nafuu wakiacha kabisa. Lakini akasema pia, na kwa hilo nilimheshimu, kwamba kuna asiyoyajua. Vitu hivi ni vipya. Watu bado hawajavivuta kwa umri mzima, basi hakuna awezaye kueleza kwa uhakika vinaacha nini kifuani baada ya umri mzima.

Tulipotoka chumbani nilikuwa nimejiandaa kumtuliza mama. Nilijua hasira zake. Alisimama karibu na dirisha linaloangalia maegesho ya magari, akaufunga vizuri mtandio wake.

"Ya aibu tutayatazama baadaye," alisema. "Kwanza apumue."

Hayo ya aibu, kwa ninavyojua mimi, hajayatazama mpaka leo.

Mdogo wangu alirudi nyumbani na vidonge vya kupunguza uvimbe vilivyomfanya uso uwe wa mviringo kama mkate wa kumimina, na mabandiko ya nikotini ya kubandika mkononi, yaliyokuwa yapunguzwe nguvu kidogo kidogo. Daktari alikuwa amesema moshi wa aina yoyote usimkaribie. Anayeijua nyumba ya Kiomani, tena ya watu waliotoka Unguja, anaelewa maana ya amri hiyo. Kwetu udi hufukizwa asubuhi na jioni. Nguo hufukizwa, mapazia hufukizwa, mgeni haondoki bila chetezo kupitishwa chini ya buibui lake. Mama alikuwa akichanganya udi wake mwenyewe, na wanawake walitoka Seeb kuja kumwomba. Siku ile ile tuliyotoka hospitali alikusanya vyetezo vyote, makaa, mikebe ya udi na lubani, akavifungia kwenye kabati la stoo. Wageni walipokuja kumpa pole na kushangaa nyumba haina harufu, hakuwazulia kisingizio. Aliwaambia mapafu ya mwanawe yanapumzika. Walipouliza yamepatwa na nini, aliwaambia pia.

Kuacha hakukuwa kwepesi, na sitaki kulipamba jambo hilo. Alikosa usingizi. Alilia kwa mambo madogo; siku moja alilia kwa sababu wali umeshika chini. Alinigombeza kwa jinsi ninavyofunga mlango wa jokofu. Alitafuna hiliki mpaka ulimi ukafa ganzi. Alipoachwa peke yake alizunguka uani akiwa na mikono nyuma, kama askari wa zamu. Kisha, wakati sote tulikuwa tumeanza kusema ameshinda, alirudi nyumbani mchana mmoja, tumekaa kwenye chakula, akaweka funguo za gari mezani na kutuambia kwamba amevuta. Alikutana na mwenzake wa zamani wa ofisini kwenye kituo cha mafuta, akapewa, akavuta mara mbili, akakohoa mpaka akatapika kando ya gari.

Baba alifungua kinywa. Mama akamwekea samaki kwenye sahani, na baba akakifunga.

"Mbona umetwambia?" nilimwuliza baadaye, tukiosha vyombo. "Hakuna ambaye angejua."

"Nikianza kuficha tena, n'tarudi kule kule," alisema. "Mie siwezi kuacha kwa siri, dada. Nilivuta kwa siri. Kuacha lazima kuwe peupe."

Maneno hayo hayakuishia jikoni kwetu. Alipoweza kusimama na kuzungumza bila kushika kiuno, alituomba tuwaite wanafunzi wake wote kule Al-Khoudh. Walikuja wengi, wakidhani ni sherehe ya kupona, wakaja na vyakula. Aliwakalisha chini ya kivuli cha ukuta, akawaambia ni nini kilichomwangusha siku ile. Hakujitetea. Alieleza alivyoanza, alivyodanganyika na harufu, alivyowafundisha watu kupumua huku yeye mwenyewe pumzi zinamwishia, na alivyowaambia ni dawa ya birka. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, ameshika sahani ya sambusa ambayo hakuna aliyeigusa.

Wapo waliochukia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimleta binti yake alisimama, akasema mwalimu mwenye tabia hiyo hamtaki karibu na mtoto wake, akaondoka, wala hakurudi. Mdogo wangu alimsindikiza mpaka mlangoni na kumwomba radhi. Mwalimu mstaafu wa jiografia akainua mkono. Aliuliza lini masomo yanaanza tena, kwa kuwa yeye ameshaanza kusahau miguu.

Watu walipokuwa wakitawanyika, alibaki mwanamke mmoja Mkenya ambaye huja kwetu siku zake za mapumziko. Anafanya kazi katika saluni huko Ruwi, na darasani alikuwa mkimya kuliko wote. Alingoja mpaka tukabaki watatu. Akafungua mkoba wake, akatoa kijiti cha rangi ya waridi, akakiweka juu ya mkeka.

"Ticha, hii kitu mimi pia niko nayo," alisema. "Saluni tunapitishiana. Nilikuwa nafikiria iko sawa tu, juu haina moshi. Lakini usiku nikilala kifua inapiga filimbi."

Mdogo wangu hakumhutubia. Alimwuliza ameanza lini, na anavuta mara ngapi, na kama anaye mtu wa kumwambia siku itakapomshinda. Mwenzake akatikisa kichwa. Nyumba yao iko Nakuru, na hapa anakaa chumba kimoja na wasichana wanaovuta wote. Basi mdogo wangu akampa namba yake, akamwambia apige saa yoyote, hata akiwa ameshavuta, hasa akiwa ameshavuta. Wiki iliyofuata alimpeleka mwenyewe kwa daktari. Nilisikia simu zao kwa miezi. Mara nyingi hawakuwa wakizungumza vepu kabisa. Walizungumza nywele, na mama zao, na bei ya tikiti za kwenda nyumbani. Mmoja akishikwa na kiu ile, mwenziwe anazungumza mpaka ipite. Yule Mkenya aliacha, akarudia, akaacha tena. Wenziwe wawili wa chumbani wamemfuata.

Majini mdogo wangu alirudi kwa hatua za mtoto. Siku ya kwanza alikaa tu ndani, maji shingoni, akapumua. Daktari alimpimia nguvu ya pumzi kila alipokwenda, akampulizisha kwenye mashine, na mara zote alitoka akatuambia matokeo yalivyo, yakiwa mazuri na yasipokuwa mazuri. Mengi yamerudi. Siku za vumbi bado kifua kinambana, na zile mbizi zake za kwenda na kurudi hajaziweza, na huenda asiziweze. Analijua hilo. Nilimwuliza kama linamwuma. Akasema linamwuma kila akiingia, kisha anawaona wanafunzi wanamngoja.

Siku hizi, mara moja kwa mwezi, hukaa na wasichana wa skuli wanaoletwa na mama zao, kabla hawajaingia majini. Hana karatasi wala picha za kutisha. Anawahadithia tu, na mama wanaachwa nje, maana anasema wasichana hawaulizi kitu mama zao wakiwepo. Mwezi uliopita nilikuwa napanga mataulo nyuma yao. Msichana mmoja, mwenye vyuma vya kunyoosha meno, alimwuliza je, ile ya ladha ya stroberi isiyo na nikotini nayo inadhuru.

Alimwambia kwamba isiyo na nikotini mara nyingi huwa nayo, ila haikuandikwa. Na hata ikiwa hamna kweli, hiyo stroberi si stroberi, na kifua hakijui kuila. Msichana akauliza tena, "Na wewe, mwalimu, umepona?"

Mdogo wangu alifikiri kwanza. Alisema amepona sehemu kubwa, na sehemu nyengine hajui, na daktari naye hajui, wanangoja pamoja waone. Kisha akasimama, akajifunga vizuri kofia ya kuogelea, akawaambia washike ukingo, wavute hewa polepole, waishushe mpaka tumboni. Wakafanya. Akapita nyuma yao mmoja mmoja, anawagusa mabega ili wayalegeze.